Shahidi Aliyekimbia Gwaride

Binti wa mdogo wangu ameingia upelelezi mwaka huu. Juzi alipokuja kunisalimia, shikamoo haijapoa mdomoni, akaniuliza: "Mama mkubwa, hivi shahidi akigoma kusema mlikuwa mnamfanyaje?" Nikamjibu kwamba inategemea. Akakunja uso, maana ninyi vijana jibu la "inategemea" hamlipendi, mnataka kifungu cha sheria. Kifungu kipo, mlifundishwa chuoni, mimi sitakirudia. Nitawasimulieni yale yaliyo nje ya kifungu, yeye na ninyi wenzake wote mnaovaa kiraia mkidhani hamjulikani, wakati viatu vyenu vinawatangaza tangu mbali.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Pale ofisini waliniita Afande Koku Presha, tena mbele yangu. Kazi yangu yote niliifanya tumbo likiwa limekaza, na nilidhani nikistaafu litalegea. Halijalegea. Kila Jumamosi natoka kwangu Nyegezi nakwenda mwaloni Igogo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kununua dagaa nisiowahitaji. Jiko langu lote linanuka dagaa, na majirani nimewagawia mpaka wakiniona na mfuko wanaingia ndani. Ninachokwenda kutazama ni kama mwanamke mmoja yupo kwenye meza yake ya samaki. Akiwepo, narudi nyumbani nalala mchana. Habari yake ndiyo hii.

Lakini kwanza nimtaje aliyenifundisha kazi, Sajenti Lukas, Mjita wa Musoma, mtu mfupi mwenye sauti ya kwaya. Alikuwa na jambo moja aliloling'ang'ania: shahidi wa vurugu za siasa usimwite kituoni. Mwizi wa kuku, mwite. Ugomvi wa mpaka wa shamba, waite wote waje hata na mbuzi wao. Ila kijana akipigwa kwa sababu ya rangi ya fulana aliyovaa, yule aliyeona ana majirani wa rangi zote mbili, na kila jirani anatazama ameingia kituoni saa ngapi na ametoka na sura gani. Kwa hiyo mfuate kwenye kazi yake. Nunua kitu. Zungumzeni bei ya sukari, mvua, watoto, na karatasi iache mfukoni. Siku hizi mnapiga simu, "Njoo kituoni mara moja," halafu mnashangaa simu imezimwa.

Siku moja, nikiwa bado mgeni Mwanza, Lukas alinichukua kwenda kumshughulikia fundi cherehani mmoja wa Mirongo. Ofisi ya chama fulani ilichomwa moto ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya kibaraza chake, naye akasema siku ile hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Mahakama ilimwita, hakwenda, ikatoa hati ya kumkamata. Tulipofika tukamkuta amekaa anatungoja, na miguuni pake mfuko wa plastiki una blanketi, mswaki na kipande cha sabuni. "Nimeshajiandaa, waheshimiwa," akasema, "nipelekeni tu." Lukas alicheka mpaka akajifuta machozi. Tukiwa njiani akaniambia kwa sauti ya chini: "Koku, mtu akishafungasha blanketi, hati haina tena cha kumtishia. Tafuta anamwogopa nani kuliko jela." Fundi alikaa ndani kwa ukaidi wake, akatoka, akapanda kizimbani, akasema aliona moshi tu. Baada ya hapo alipata wateja kuliko mwanzo, maana mtaa ulimwona ni mtu wa kutunza siri.

Msinielewe vibaya. Wapo mashahidi wanaostahili kukamatwa. Nimewahi kumpeleka mahakamani ofisa mmoja wa kata aliyeona kila kitu akakaa kimya kwa sababu ukimya ulikuwa unamlipa, na siku anasomewa shitaka sikumwonea huruma hata kidogo. Ugumu wa kazi yetu ni kujua anayegoma kwa maslahi na anayegoma kwa hofu. Nami nilikuja kukutana na wa aina nyingine kabisa, ambaye hata Lukas hakunifundisha.

Ilikuwa msimu wa kampeni. Vyama sivitaji, maana nikivitaja mtaanza kuchagua upande badala ya kusikiliza. Faustine alikuwa kijana wa kupaka rangi mitumbwi pale Igogo, na mchana kweupe alikuwa anagawa vipeperushi vya mgombea wake. Likaja gari limejaa vijana ambao si wa pale. Wakamzunguka, wakampiga kwa mbao, wakaondoka. Faustine hakufika hospitali.

Tulipofika mwalo ulikuwa umejaa watu, na hakuna hata mmoja aliyeona. Mvuvi alikuwa anatazama ziwani. Mchuuzi alikuwa anatazama ziwani. Mama wa chai naye, mgongo wake ukiwa umeelekea ziwani, alisema alikuwa anatazama ziwani. Sijui kama ziwa lile limewahi kutazamwa kiasi hicho. Simu zote zilikuwa zimefutwa picha, na video moja tuliyoipata ilionyesha migongo tu na vumbi. Mama yake Faustine alikuwa amekaa chini karibu na mtumbwi ambao mwanawe aliuacha nusu ya rangi, anaulizia kama kuna mtu amefunga kopo, isije ikakauka.

Nikaanza kununua dagaa. Nilichagua meza ya Mama Minza, kwa sababu ilikuwa karibu na pale kijana alipoanguka na kwa sababu hakuwa msemaji. Alikuwa mjane wa Kisukuma kutoka upande wa Magu, mwenye mikono mikubwa, anayeanika dagaa kwenye chanja na kukaanga sato mchana. Nilinunua, nikanunua, tukazungumza habari za mvua na za magoti. Siku moja, akiwa anachambua dagaa bila kuinua uso, akasema:

"Yule aliyempiga kichwani alikula samaki hapa kwangu kabla. Alirudisha sahani akasema asante mama."

Nikaweka mfuko chini. "Ungemwona tena ungemjua?"

"Hata nikizeeka macho."

Akakubali kuandikisha maelezo, kwa sharti jina lake lisitembee mtaani. Nikamwahidi. Kuahidi ni rahisi, mdomo unafunguka tu.

Mtu mwenyewe alikamatwa mji wa jirani baada ya wiki kadhaa. Walimwita Chuma, baunsa wa misafara ya kampeni, na nyuma yake walikuwepo wakubwa, kwa sababu wakili wake alifika kabla hata chai yetu haijapoa. Simu yake ilionyesha kwamba alikuwa Mwanza siku ile, lakini Mwanza tulikuwa wengi. Kumbana hasa kulibaki kwa macho ya Mama Minza. Asipomtambua, Chuma anatoka.

Sasa ndipo likaja gwaride la utambuzi. Mnalijua: mtuhumiwa anachanganywa na watu wanaofanana naye kwa umbo na umri, shahidi anapita mbele yao anawatazama mmoja mmoja usoni, na akimwona mtu wake anamgusa begani. Mpelelezi wa kesi haruhusiwi kuliendesha, kwa hiyo mimi nilifungiwa ofisini, na Inspekta Mbwambo ndiye aliyesimamia. Kazi ya kutafuta watu wa kufanana na Chuma alipewa Koplo Hamza, mtu wa Tanga, mcheshi na mwepesi. Chuma alikuwa pande la mtu. Hamza akajiuliza mapande ya watu yanapatikana wapi Mwanza, akaenda moja kwa moja kwa wapakiaji wa samaki Igogo, akawaahidi soda na chapati. Wakaja kwa wingi. Sote tukamsifu.

Nikiwa nimekaa ofisini nilisikia geti, kisha ndala za Mama Minza zinapita taratibu kuelekea uani. Kimya. Halafu ndala zilezile zinarudi, safari hii zinakimbia. Nilipochungulia dirishani nilimwona amejifunika khanga kichwa kizima na uso, anampita mlinzi, anavuka barabara bila kuangalia magari.

Mbwambo akaingia amekasirika. "Shahidi wako amegoma. Hajafika hata kwa mtu wa kwanza, amepiga kelele amegeuka." Na Hamza, ambaye siku hiyo hakuwa na utani, akaniambia Chuma alicheka, tena alimtazama vizuri yule mama alivyokuwa anatoka.

Mkubwa wangu wa upelelezi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa anapigiwa simu kutoka juu asubuhi na jioni. Akaniambia: "Amenunuliwa au ametishwa. Vyote viwili mimi naviita ukaidi. Mkamate kwa kuzuia upelelezi, akae ndani, kumbukumbu zitamrudia." Nikamwambia tukimkamata, mwalo wote utajua ni yeye. Akasema usipomkamata, Chuma atatoka, na Chuma anajua tayari kwamba ni yeye. Na hapo alikuwa amesema kweli. Akanipa mpaka Jumatatu.

Niliogopa, ndugu zangu, na sioni aibu kulisema. Nilikwenda mwaloni nikakuta meza ya Mama Minza imepinduliwa miguu juu na chanja tupu, na kila niliyemwuliza akanionyesha ziwa. Ng'ambo ya meza pikipiki ilikuwa imeegeshwa haina namba, na dereva wake alikuwa anawakataa abiria. Niliita jina la kila mtakatifu ninayemjua, na kwetu Bukoba tumefundishwa wengi.

Kesho yake asubuhi mlango wa ofisi ukazibwa na mtu. Alikuwa mmoja wa wapakiaji waliopangwa kwenye gwaride, kofia ameishika mkononi, ana sura ya mtu ambaye hajui kama amekuja kugomba au kulia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Karibu. Nikusaidie nini?"

"Naitwa Masanja. Nataka kujua nani alinipanga kwenye ule mstari."

"Si ulikubali mwenyewe? Ulikula na chapati."

"Chapati nilikula, sikatai. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba anayekuja kututazama ni mama mkwe wangu."

Nikaweka kalamu chini.

"Nilipomwona anaingia nikageukia ukutani," akaendelea, na jasho linamtoka. "Yule inspekta akanifokea, geuka wewe, tazama mbele! Nikageuka. Tukaonana, afande. Uso kwa uso, mimi na mama yake Minza, mbele ya wanaume. Na bado askari anamwambia apite amtazame kila mtu na amguse bega. Amguse nani? Mke wangu amechukua watoto ameondoka. Anasema nilikwenda kumdhalilisha mama yake kwa ajili ya soda!"

Kwa wale msiojua: kwa Wasukuma waliolelewa kizamani, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mkono, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Na hiyo yote ni heshima, tena heshima kubwa. Mjini wengi wamelegeza, utawaona wanapiga picha pamoja harusini, lakini Mama Minza hakuwa wa kulegeza. Tangu amwoze binti yake, yeye na Masanja walikuwa wanafanya kazi mwalo mmoja na wanakwepana kutwa nzima, na watu wa Igogo waliwasaidia kwa kupiga kikohozi mmoja akikaribia. Sisi polisi, kwa chapati zetu, tulimchukua huyo mtu mmoja asiyepaswa kumtazama tukamsimamisha mbele yake, tukamwamuru amtazame. Mimi Mhaya, Hamza wa Tanga, Mbwambo Mpare. Mkwe kila mmoja wetu anamheshimu kwao, lakini hakuna aliyefikiria kuuliza.

Nilicheka, kisha nikajikuta nafuta machozi. Hakununuliwa! Hakutishwa! Furaha ile ilidumu kiasi cha Masanja kuvaa kofia yake, halafu nikakumbuka Jumatatu.

Masanja alinielekeza alikokimbilia Mama Minza. Alikuwa Buhongwa, kwa Mzee Nkwabi, baba mdogo wa marehemu mumewe. Nilikwenda bila gari la kazi. Nyumba ilikuwa haijaisha, matofali yanaonekana, madirisha yamezibwa kwa mabati, na mzee alikuwa mlangoni anapigana na redio isiyoshika. Nikamsalimia kwa kile Kisukuma changu kidogo, "Mwangaluka," akanitazama akasema, "Wewe ni Mhaya. Ongea Kiswahili tu, usijisumbue." Mama Minza hakutoka. Alizungumza nami kutoka chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kwa sababu ya aibu.

"Mama, kwa nini hukuniambia? Wanasema umegoma."

"Mimi sijakataa kusema, afande. Nilikataa kuona."

"Basi tutapanga gwaride jingine, wanaume wengine kabisa."

"Siji," akasema. "Kwanza hili liishe. Ukoo wa Masanja wanasema nilimpeleka mkwe wangu polisi akapangwa na wauaji. Ndugu zangu wanasema ni yeye alikuja kunitazama makusudi. Mwanangu ndoa yake inavunjika. Jumapili baada ya misa wanakaa hapa. Waliompanga waje waseme walimpangaje."

"Siwezi, mama. Mimi nina kesi yako. Nikikaa na ndugu zako wakili atasema nilikufundisha maneno."

Pazia likajibu: "Kwa hiyo wewe unajua ilivyokuwa, umeitwa, na hutaki kuja kusema."

Mzee Nkwabi akaizima redio ili acheke vizuri. "Bahati yako sisi hatuna hati ya kukamata mtu," akasema. "Ungelala hapa."

Nilirudi mjini nimebanwa pande zote. Mkubwa wangu akasema nisithubutu, habari za wakwe ziishie huko huko. Nilielewa hofu yake, kwani ilikuwa sawa na yangu. Nisipokwenda, mama haji, na Jumatatu nitamfunga pingu kwa mkono wangu. Nikienda vibaya, kesi inakufa na Faustine anakufa mara ya pili. Nikaenda kwa wakili wa serikali aliyekuwa na jalada, binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, nikamweleza yote. Akatafuna kalamu. "Nenda," akasema. "Zungumza habari ya gwaride tu, mauaji usiyaguse hata kwa neno. Nenda na huyo koplo. Mkirudi muandike mlichosema, na mimi nitampa nakala wakili wa Chuma. Tukimpa wenyewe, hatakuwa na cha kutushtukiza." Liwekeni hilo akilini, ninyi mnaopenda kuficha mambo madogo. Kisha akampigia simu mkubwa wangu, na mkubwa akanung'unika lakini hakukataa tena.

Jumapili nikasimama kati ya vyumba viwili vya nyumba ya Mzee Nkwabi. Chumba cha mbele wanaume, Masanja amejiinamia juu ya tofali. Chumba cha ndani wanawake, Mama Minza hawezi kuonekana, sauti yake inapita juu ya ukuta usio na dari. Sisi wageni tulipewa viti vya plastiki, lakini kusema ilibidi tusimame. Nimepanda kizimbani mara nyingi, sikuwahi kuogopa vile.

"Wewe ulikuwepo uani?" Mzee Nkwabi akaniuliza.

"Sikuwepo, baba. Sheria inanikataza."

"Sasa unashuhudia nini kama hukuwepo? Huko kwenu mnayakubali hayo?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamvuta Hamza. Yule mcheshi alikuwa amelowa jasho. Akasema yeye ndiye aliyewafuata wapakiaji, akawachagua kwa ukubwa wa miili, na hakumwuliza mtu yeyote ameoa wapi.

"Masanja ulimwambia anakwenda kutazamwa na nani?"

"Hapana, mzee. Hairuhusiwi."

"Na huyu mama ulimwambia atawakuta akina nani?"

"Hapana. Nayo hairuhusiwi."

"Kumbe wote wawili mliwaficha," mzee akasema polepole, "halafu mmoja mkamfokea, mwingine mkataka kumfunga."

Hapo nje ikapita pikipiki, ikapunguza mwendo, injini ikazimwa. Nilimtazama Hamza, Hamza akautazama mlango, na mkono wake ukaenda kiunoni ambako siku hiyo hakukuwa na kitu. Nilifikiri, nimewaleta. Nimewaleta mpaka kwenye nyumba yake. Tulisikia mtu anakohoa, anatema mate, anawasha tena, anaondoka. Mpaka leo sijui alikuwa nani. Pengine alikuwa anapokea simu tu.

Kutoka chumba cha ndani sauti ya Mama Minza ikasema, "Endeleeni."

Wakaamua kwamba wakwe hawakukoseana. Aliyekosa ni polisi. Kwa ukoo ule kosa la namna hiyo linatulizwa kwa kondoo, na kondoo tulimleta mimi na Hamza jioni ileile, Hamza akiwa amemshika kamba mnyama aliyekataa katakata kutembea. Binti Minza akarudi kwa mumewe na watoto. Kabla sijaondoka, pazia likasema: "Afande. Kesho nakuja."

Gwaride la pili lilifanyika kituo kingine, na watu wake walitoka mbali na ziwa. Hamza alimwuliza kila mmoja ameoa wapi, na mama mkwe wake anaitwa nani, mpaka jamaa mmoja akataka kujua kama polisi siku hizi wanatafutia watu wachumba. Mimi nilifungiwa tena ofisini, nikazisikiliza ndala. Zilikwenda taratibu, zikasimama, zikaendelea, zikasimama. Hamza ndiye aliyenisimulia: alipofika kwa Chuma alimtazama muda mrefu, akamgusa begani, kisha akajifuta mkono kwenye khanga.

Kesi ilisikilizwa baadaye sana, na miezi yote ile ya kungoja nilipungua mpaka magauni yangu yakawa ya mtu mwingine. Wakili wa utetezi alikuwa hodari. Habari za kikao cha Buhongwa alikuwa nazo mkononi, hakupata pa kuzishikia. Akahamia kwenye gwaride la kwanza.

"Wewe mama, siku ya gwaride la kwanza ulikimbia. Ni kweli?"

"Kweli."

"Ulimkimbia nani?"

"Nilimkimbia mkwe wangu."

Watu wakacheka, jaji akawanyamazisha. Wakili akatabasamu. "Kwa hiyo ukiona mtu, unakimbia. Ndiyo tabia yako?"

Mama Minza akageuka kizimbani. Akamtazama Chuma usoni, pale alipokaa, bila haraka, kama anavyochambua dagaa. "Mimi namkimbia ninayemheshimu," akasema. "Huyu niko naye humu tangu asubuhi. Umeniona nimekimbia?"

Chuma aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyeshindwa kutazama.

Alifungwa. Mama yake Faustine alinishika mkono nje ya mahakama. Waliomtuma Chuma hatukuwafikia. Niliuliza, nikapanda ngazi mpaka nikaambiwa ngazi zimeishia hapo, na baadaye nikastaafu. Kwa hiyo wapo, wanakula, wanasalimiwa. Ndiyo sababu tumbo langu halijalegea, na ndiyo sababu ya dagaa. Shahidi akishasema, ninyi mnafunga jalada mnakwenda kwenye kesi nyingine, yeye anarudi kwenye meza ileile, mwalo uleule. Mlitumia nguvu ya sheria kumtoa kwake, basi mjue pia njia ya kwenda kumjulia hali.

Jumamosi iliyopita nilifika nikakuta meza haina mtu. Kikaango kilikuwa motoni, mafuta yanachemka, samaki wanaanza kuwa weusi, na ndala moja imelala chini peke yake. Niliangalia kulia, kushoto, nikatafuta pikipiki, nikauliza yuko wapi. Watu waliokuwa karibu walikuwa wanatazama ziwani.

Ndipo mmoja wao akapiga kikohozi. Nikasikia mtu ananiita kwa kunong'ona kutoka chini ya chanja. Nikainama. Mama Minza alikuwa amechuchumaa kule, amejifunika khanga mpaka usoni, na akanivuta gauni kwa nguvu.

"Inama, afande, usinionyeshe! Mkwe anapita."

Nikachuchumaa naye, magoti yangu yakilalamika, tukiwa tumebanana chini ya dagaa. Masanja akapita na kreti lake begani, uso ameugeuza upande wa pili kwa adabu, anakanyaga taratibu. Nilikuwa nalia na Mama Minza hakuniuliza kwa nini. Masanja alipopotea mbali tukatoka.

Samaki walikuwa wameungua upande mmoja. Niliwanunua wote.